Simu Imejaa Chaji, Neno Halikufika

Mliomfuata Arlette tangu mumewe apoteze nyavu zake ziwani mnajua alikofikia. Mumewe huyo, Bienfait, alikwenda Misisi kuchimba dhahabu. Arlette akabaki Baraka na cherehani yake, na mtoto wao Furaha, na mama mkwe, Mama Anastasie, ambaye hakukubali hata siku moja mwanawe aingie chini ya ardhi akiwa hai.

Kisha Bienfait akatuma simu mpya, kubwa, imefungwa ndani ya soksi. Ilipaswa kuwaleta karibu. Ikawagombanisha. Kila alipotoka shimoni na kupiga, aliikuta imezimika.

Mara ya mwisho alipoipata inaita, alisema neno ambalo mwanamke halisahau.

— Mama Furaha, simu ya muke wa mutu haizimikake kila mangaribi. Nikiikuta tena imezimika, nitajua iko mutu anaizimisha.

Akakata.

Arlette alilia, akanawa uso, akachukua simu na chargeur yake, akaenda kwa Guy.

Guy ana kibanda karibu na soko, na juu ya bati lake kuna panneau za jua. Ndani simu za watu hulala zimepangwa kama samaki ndagala kwenye kichanja cha kuanikia. Ndiye anayechajisha, ndiye anayetengeneza.

— Batri imekufa, Arlette akamwambia. Naijaza asubui, saa kumi haiko na kitu.

Guy akaigeuza, akaishika shavuni kama anayempima mtoto homa.

— Haiyakufa. Iko mupya. Lakini iko na joto. Ukiwa unashona, unaiwekaka wapi?

— Ku meza. Pembeni ya pasi.

— Pasi ya makaa?

— Sasa niko na ingine?

— Mama Furaha, joto ndiyo inaua batri kuliko kazi. Iweke mbali na pasi, mbali na dirisha lenye jua. Na mbona umewasha mwangaza wote namna hii?

— Ilikuja hivyo.

Akaupunguza. Kioo kikawa na giza kidogo, Arlette akadhani kimeharibika.

— Macho itazoea. Na hapa, simu iko inatafuta kila saa ni mahali gani uko. Nani anakutafuta?

— Bwana yangu.

— Kwa hii hatakuona. Nafunga.

Alipofika kwenye WhatsApp akacheka puani. Kulikuwa na groupe ya korali, groupe ya familia, groupe ya washonaji, groupe ya waliosoma pamoja, na kila moja ikishusha video mchana kutwa.

— Unaziangaliaka?

— Hata moja siangaliake.

— Simu inazibeba tu, inachoka bure. Na kwenu réseau iko kidogo. Simu ikikosa réseau inazunguka kuitafuta, inakula batri kuliko hata ukiongea. Basi fanya hivi: connexion ya internet unaifunga. Ukitaka kusoma message, unafungua, unasoma, unafunga tena.

— Na mutu akinipigia?

— Itaita. Kupiga haiombi connexion.

Hilo ndilo alilotaka kusikia. Bienfait si mtu wa kuandika. Tangu wachumbiane hakumwandikia hata mstari mmoja. Alikuwa mtu wa kupiga na kusema.

— Na usingoje izimike yenyewe ndipo uilete, Guy akamalizia. Wala usiiache ku chargeur ikiisha kujaa. Batri ni kama tumbo. Usiilaze njaa, usiishindilie.

Arlette akafanya yote. Simu akaihamishia kwenye kikapu cha nyuzi, penye kivuli. Video akazizuia. Connexion akaifunga.

Na simu ikapona.

Siku ya kwanza jua lilizama ikiwa bado na zaidi ya nusu. Siku ya pili vilevile. Arlette alikuwa akiacha kushona ili aitazame tu, kama mtu anayefunua chungu kuona kama maharagwe yameiva. Akamwonyesha mama mkwe.

— Mama, angalia. Tangu asubui, na bado iko na chaji.

Mama Anastasie alikuwa akichambua majani ya sombe. Hakuinua kichwa.

— Kama simu imepona, mbona muwenyewe haiite?

Kweli, Bienfait hakuita.

Arlette akampigia. Sauti ya mwanamke ikajibu kwa Kifaransa kwamba mtu anayemtafuta hapatikani. Akapiga tena kesho yake, sauti ileile. Sokoni watu walisema mvua imeharibu mambo kule juu, antenne ya upande wa Lulimba na Misisi imelala, hakuna anayepata mtu wake.

Basi ni antenne, akajiambia. Moyo ukatulia.

Lakini moyo wa mtu aliyetukanwa haukawii kugeuka. Jioni moja, akikata kitambaa cha sare ya korali, akawaza: na kama si antenne? Kama amenuna? Yeye ndiye aliyenitukana, yeye ndiye apige. Mimi simu yangu inawaka.

Mwanzoni alifungua connexion kila asubuhi, kama Guy alivyosema. Zikaingia salamu za korali, maua, sala ndefu za shangazi wa Uvira, na namba za chaji zikashuka mbele ya macho yake. Za Bienfait hazikuwamo. Akaona ni hasara. Akaacha.

Siku zikapita. Mvua ikanyesha. Simu ikakaa kikapuni, imeshiba, kimya.

Ndipo Raphaël akaja.

Raphaël anaendesha pikipiki kati ya Misisi, Lulimba na Fizi, na mara mojamoja hushuka mpaka Baraka. Alisimama mbele ya mlango mchana, matope mpaka kifuani, na nyuma ya kiti amefunga mfuko wa nguo. Arlette aliutambua. Alimshonea Bienfait mwenyewe, kwa mabaki ya pazia.

— Mama Furaha, Raphaël akasema. Pole sana.

— Pole ya nini?

Raphaël alikuwa ameanza kufungua kamba. Akaacha.

— Hauyapata message?

— Message gani? Bienfait iko wapi?

— Iko. Iko muzima. Kaa kwanza.

— Sikai. Sema.

Raphaël akavua kofia yake.

— Udongo ulimuangukia mu shimo. Balimutoa, lakini muguu mumoja uliumia mubaya. Balimushusha Lulimba, ku kituo cha afya. Simu za kuita hazipite, lakini kule iko mutu ana wifi ya satellite, bantu banatuma message pale. Bwana yako alikutumia mingi, Mama Furaha. Nikipita kumusalimia ananiuliza, Raphaël, wewe una macho mazuri, angalia, alama iko moja ao mbili?

— Alama gani?

— Ya message. Moja, haiyafika; mbili, imefika. Kila siku ilikuwa moja.

Arlette alikuwa amekwisha kukiinua kikapu. Nyuzi zikamwagika chini, nyekundu, nyeupe, buluu. Akashika simu, akafungua connexion. Ndani ya nyumba hakuna kilichoingia. Akatoka mbio mpaka uwazi ulio nyuma ya kanisa, penye réseau nzuri kidogo, Raphaël nyuma yake, na nyuma ya Raphaël Mama Anastasie aliyemfunga Furaha mgongoni, akiuliza ni nini, na hakuna anayemjibu.

Zikaingia. Korali. Familia. Korali. Familia. Matangazo ya harusi. Kisha jina la mumewe likapanda juu kabisa, na sauti zake zimepangana, moja chini ya nyingine.

Akagusa ya kwanza.

— Mama Furaha, ni mi. Siku ile nilikukosea. Nilikuwa nimechoka, bantu ba hapa banasemaka mambo mingi juu ya babibi babo, na mi nikabebwa. Unisamehe. Sikiliza, udongo ulinianguka ku muguu. Niko Lulimba. Usiambie Mama kwanza, utamushitusha. Niko muzima. Unijibu tu.

Mama Anastasie alikuwa amefika. Alisikia akitajwa, akasogea karibu.

Ya pili.

— Docteur amekuja kuniangalia. Anasema mifupa imesagika, damu haifike chini. Anataka kukata, hapa chini ya goti. Nimemuambia angoje. Nimemuambia niko na muke, siwezi kurudi kwake nusu bila yeye kujua. Mama Furaha, unitume neno moja. Ukisema bakate, bakate. Ukisema hapana, tutaona pamoja. Niko nangoja.

— Kukata nini, Mama Anastasie akauliza. Kukata nini?

Arlette akagusa ya tatu. Hapa sauti ilikuwa imepungua, na nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga bati.

— Alama bado iko moja. Hapa banasema ikibaki moja, maana yake mutu amekubloka. Mi nilibakatalia. Nikasema, muke yangu iko na shida ya batri, simu yake inaishaka. Banacheka. Docteur amerudi tena leo.

Ya nne ilikuwa fupi.

— Arlette. Kama uko na mwanaume mwingine, mi sitasema kitu, nakuapia. Ila juu ya muguu, uniambie. Juu ya muguu tu.

Hakumwita Mama Furaha. Alimwita kwa jina, kama mtu wa mbali.

Ya mwisho haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mwanamke, na ilitumwa jana.

— Mama, mi ni Chérie, infirmière wa kituo cha afya hapa Lulimba. Naongea mu simu ya bwana yako. Iko na homa kali na muguu umeanza kunuka. Tunamubembeleza, anakataa. Anasema bibi yake hayasema. Kesho docteur anapita mara ya mwisho mbele ya kwenda mbali. Mama, kama umekasirika naye, ukasirike, lakini useme kitu.

Arlette aliitazama simu. Pale juu, pembeni, namba ya chaji ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Angeweza kuongea mpaka kesho.

— Kesho ni leo, Raphaël akasema polepole.

Akapiga. Haikupita. Akapiga kwa WhatsApp. Ikazunguka, ikafa.

— Nipeleke, akamwambia Raphaël. Nipeleke sasa hivi.

— Mama, daraja limevunjika na mvua, mi mwenyewe nililipita na pikipiki ku mabega, bantu bane bananisaidia. Na mvua ile inarudi. Hata tukiondoka sasa, leo hatufike. Hatufike.

— Basi nifanye nini?

Raphaël akaonyesha simu kwa kidevu.

Arlette akaweka kidole kwenye alama ya sauti. Mara ya kwanza kikateleza. Akashika tena.

— Baba Furaha, ni mi. Sijakubloka. Hakuna mwanaume. Nilifunga connexion juu ya kulinda batri, nikingoja unipigie, mi sikujua. Bakate. Unasikia? Bakate leo, usingoje kitu. Urudi na muguu mumoja, urudi bila muguu, urudi tu.

Akainua kidole. Alama moja.

Walisimama wakiiangalia. Mtoto mgongoni akaanza kulia kwa njaa.

Mama Anastasie akamfungua, akampa Raphaël amshike. Hakuwa akilia. Alikuwa amekaza uso, kama alivyoukaza siku Bienfait alipopakia jembe na sururu.

— Nipe nimusalimie mutoto wangu.

— Mama, ngoja kwanza ya kwanza ifike.

— Ni mutoto wangu. Nitamusalimia, ajue mama yake iko.

Ni nani angemnyima? Arlette akamsogezea simu mdomoni, akaweka kidole pale pa sauti. Mkwe akainama. Mwanzoni alisema kwa Kibembe, maneno ya kumtaja babu na nyanya, maneno ya kumtuliza mgonjwa. Kisha akahamia Kiswahili, kana kwamba alitaka na watu wa pale kituoni wasikie.

— Bienfait, usikubali bakukate. Mi mama yako nakukataza. Baba yako balimukata mukono, bakatuambia atapona, na tulimuzika mbele ya juma kwisha. Mutu wetu haingie ku kisu mara mbili. Ungoje tukufikie.

Arlette aliruka, akaivuta simu. Na kuivuta ndiko kuinua kidole, na kuinua kidole ndiko kutuma.

— Mama, umefanya nini?

— Nimesema.

— Utamuua.

— Mi nimuue? Mama Anastasie akamgeukia. Simu ilikuwa kwa nani? Mutoto wangu alikuwa analia siku zote hizi kwa nani? Wewe ulikuwa unalinda chaji. Sasa unaniambia nani anaua?

Neno lile lilikuwa la kweli, na ukweli ukitoka mdomoni mwa mkwe huna pa kukimbilia. Arlette akaigeukia simu. Alijua kuna njia ya kufuta sauti iliyokwisha kutumwa. Guy aliwahi kumwonyesha. Akaishikilia ile ya mama mkwe mpaka ikabadilika rangi. Akatafuta pa kufuta.

Alama zikawa mbili. Za kwake, na za mkwe wake pia.

Kabla hajagusa, zote zikageuka buluu.

— Imesikiwa, Raphaël akasema nyuma ya bega lake.

— Gani?

— Zote.

Kwenye uwazi ule wa kanisa mwanamke mmoja alipita na beseni la samaki wa mikeke, akawasalimia, akaona nyuso zao, akaongeza hatua. Arlette akaandika: ufuate yangu. Akaituma. Alama moja. Akaandika tena. Alama moja.

Simu ikaita.

Lilikuwa jina la Bienfait, kwa WhatsApp, lakini sauti ilikuwa ya yule muuguzi, inakatikakatika kama mtu anayeongea chini ya maji.

— Mama Arlette? Ni Chérie. Asante Mungu umepatikana. Docteur iko hapa, amekwisha kutayarisha vyombo. Lakini mama, tumepata sauti mbili mu simu moja. Moja inasema tukate, moja inasema tusikate. Tufuate gani?

— Ya kwanza, Arlette akasema. Yangu. Mi ndiye muke wake. Mukate.

— Mi nilimuambia vile. Nilimuambia, bibi yako amesema. Alifurahi, mama. Nilimuona anafurahi, alikuomba musamaha hapa mbele yetu. Kisha akasikia ile ya pili.

— Na akasema nini?

Sauti ikapotea. Arlette akageuka huku, akageuka kule, ameinua simu juu ya kichwa kana kwamba anaitafutia hewa. Ikarudi.

— ... anasema hawezi kulala ku kitanda kile na laana ya mama yake. Anasema akifa na laana, atakuwa amekufa mara mbili. Tumemuomba, docteur amemuomba. Anasema mama yake ndiye aliyemukataza, mama yake ndiye amufungue. Iko hapo mama?

— Iko.

— Basi muharakishe. Hii wifi inaenda inarudi, na docteur hawezi kukaa.

Arlette akashusha simu. Mama Anastasie alikuwa amesikia kila kitu, maana sauti ilikuwa wazi. Raphaël alikuwa amemgeuza Furaha upande mwingine, amuonyeshe mbuzi.

Arlette akapiga magoti kwenye changarawe. Kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumpigia magoti mama mkwe, na mama mkwe alikuwa akimsema kwa hilo.

— Mama, kosa ni langu. Nalikubali. Ukitaka kunifukuza, jioni hii nitaondoka na kikapu changu. Lakini mufungue mutoto wako.

— Baba yake alinishika mukono hivi, Mama Anastasie akasema. Aliniuliza, Anastasie, nikubali? Mi ndiye nilisema akubali. Wewe haujue. Mi ndiye nilisema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Arlette hilo, hata Bienfait.

— Mama, sauti ya Chérie ikaita ndani ya simu. Mama, muko?

Mama Anastasie akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea simu kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Akakitazama kioo kile chenye giza.

— Bienfait, akaita.

Kulikuwa na mkwaruzo, na kishindo cha kitu kinachosogezwa, kisha pumzi nzito za mtu anayeletewa simu sikioni. Sauti iliyojibu ilikuwa ndogo, hata Arlette aliyeijua gizani na mwangani alikawia kuitambua.

— Niko, Mama. Sema.